Elimu ya Afya Vijijini: Somo Linaloanzia Mtungini

Katika insha zetu za darasani methali "Kinga ni bora kuliko tiba" haikosi. Tunaiandika, mwalimu anaitia alama ya vyema, tunafunga daftari na kwenda zetu. Katika makala haya ningependa tujiulize swali moja tu: ni nani hasa anayekinga? Daktari yuko Homa Bay mjini. Muuguzi yuko zahanati, na kwa wengi wetu hiyo ni safari ya saa nzima kwa miguu, mvua ikinyesha ni zaidi. Lakini maji ya kunywa yamo nyumbani. Mtoto anayeyanywa yumo nyumbani. Anayeyateka, akayabeba, akayatia mtungini na kumpa mtoto ni mama. Basi tutake tusitake, kinga imo mikononi mwa mama na watu wa nyumba yake.

Elimu ya afya ya kijamii ni kumfuata mama huyo pale alipo na kumfunza jambo analoweza kulifanya kwa vyombo alivyo navyo, kisha kurudi kutazama kama linafanyika. Hayo maneno ya mwisho, "kurudi kutazama", ndiyo kiini cha makala haya. Wengi hudhani kwamba mtu akiambiwa basi amefundishwa. Sivyo. Likizo ya Agosti niliomba ruhusa kwa jirani yetu, ambaye ni mhudumu wa afya ya jamii, nimbebee mfuko wake anapozunguka bomani mwa watu. Mengi niliyoyaona yalinifumbua macho, nami nitayaeleza hapa pamoja na yale niliyoyasoma.

ILIKOTOKA FIKRA HII

Jambo hili halikuanza jana. Mnamo Septemba 1978 wajumbe kutoka mataifa mengi walikutana mjini Alma-Ata, katika Kazakhstan, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Muungano wa Kisovieti. Mkutano uliitishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF. Waliafikiana kwamba watu wana haki, tena wana wajibu, wa kushiriki wenyewe katika kupanga na kuendesha huduma zao za afya. Kwa lugha nyepesi ni kwamba mwanakijiji asingoje tu kuletewa dawa kama kifaranga angojavyo mtama.

Miaka michache baadaye fikra hiyo ilikuwa inafanyiwa kazi karibu nasi, ng'ambo ya Ghuba ya Winam. Huko Saradidi, Asembo, katika Siaya, mradi wa afya vijijini ulioongozwa na Dkt. Dan Kaseje uliwaachia wanakijiji wachague wenyewe wasaidizi wao wa afya. Waliochaguliwa walikuwa majirani wa kawaida. Walifunzwa usafi na matunzo ya watoto, na walikuwa na dawa ya malaria ya wakati huo, klorokwini. Mtu akishikwa na homa usiku alijua mlango wa kubisha. Hadi leo kwetu Uluoni mhudumu wa namna hii huitwa nyamrerwa, jina ambalo tangu zamani lilikuwa la mkunga wa jadi. Unaona basi, hata jina lenyewe lilitoka kwa wanawake ambao kijiji kilikuwa tayari kinawaamini.

Serikali ya Kenya ilitoa mpango rasmi wa afya ya jamii mwaka wa 2006. Kwa miaka mingi wahudumu walifanya kazi ya kujitolea, wengine wakipata kitu kidogo na wengine wakiambulia shukrani tu. Mnamo Septemba 2023 wahudumu wapatao 100,000 nchi nzima walizinduliwa upya na kupewa mifuko yenye vifaa: mashine ya kupima shinikizo la damu, ya kupima sukari, kipimajoto, mizani, na ule utepe wa kupima mkono wa mtoto. Kila mhudumu hutunza nyumba kama 100 hivi. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya afya ya msingi, na kazi yao ikatambuliwa kisheria.

SOMO LA MTUNGI WA HOMA BAY

Sasa natuje nyumbani kabisa. Mwishoni mwa miaka ya tisini shirika la CARE lilikuwa na mradi wa maji na usafi katika iliyokuwa Wilaya ya Homa Bay. Shida ilikuwa ile tunayoijua sote. Maji hutoka ziwani, mtoni au kwenye kidimbwi ambamo ng'ombe nao hunywa. Watoto huendesha, na kipindupindu hakikosi kubisha hodi. Nchi nyingine zilikuwa zimetumia njia mbili pamoja: kutia maji dawa ya klorini, na kuyahifadhi katika chombo cha plastiki chenye mdomo mwembamba na bomba.

Lakini wamama wa Homa Bay walikuwa na dapi, mtungi wa udongo. Dapi hupoza maji. Udongo wake una vitundu vidogo sana; maji hupenya polepole hadi nje, yakigeuka mvuke huondoka na joto, na yaliyobaki ndani hupoa. Nani atakayeacha maji baridi ya dapi anywe maji vuguvugu ya plastiki, jua la Januari likiwaka? Mtungi huo ulikuwa na kasoro moja tu. Mdomo wake ni mpana. Kila mwenye kiu huzamisha kikombe au agwata, na vidole navyo vinaingia. Hata kama maji yalitoka kisimani yakiwa safi, jioni yamechafuka.

Wafinyanzi wa papa hapa waliombwa kufinyanga dapi ya aina mpya: mdomo mwembamba usiopitisha mkono, kifuniko, na bomba chini. Faida yake ni kwamba mama hakuambiwa aache mtungi wake. Aliongezewa kitu juu ya kile alichokuwa akikipenda. Taarifa ya mradi huo iliyochapishwa mwaka wa 2001 inaonyesha kwamba karibu thuluthi moja ya nyumba zilianza kutumia klorini, na chini ya moja katika kila tano zikatumia mtungi mpya.

Msomaji mmoja atasema, "Thuluthi moja tu?" Naam, thuluthi moja. Wala si haba, maana kila nyumba katika hizo ni watoto wanaokunywa maji salama. Lakini hesabu hiyo inatufunza jambo. Nyumba nyingi zilifikiwa na ujumbe, na kusikia hakukutosha. Dawa ya maji inanunuliwa. Mtungi mpya nao una bei. Klorini ina harufu ambayo wazee hawaipendi. Kati ya kujua na kutenda pana mto, na mto huo hauvukwi kwa hotuba moja ya baraza la chifu.

JINSI SOMO LINAVYOTOLEWA

Hebu niwaeleze nilivyoona kazi yenyewe. Nilitarajia jirani yetu aingie bomani aanze kuhutubu. Kumbe wapi! Aliketi kwenye kigoda, akauliza habari za mahindi, akauliza habari za ndama. Kisha akasema, "Nyar Kasipul, nina kiu. Nipe maji." Mwenye nyumba akachota maji akampa. Jirani yetu alikuwa akitazama: mtungi umefunikwa? Kikombe kimetoka wapi? Mkono umeingia majini? Somo likaanzia hapo, kwa maneno machache na bila kumwaibisha mtu.

Katika nyumba nyingine kulikuwa na mtoto aliyekuwa ameendesha tangu jana. Mhudumu alitoa pakiti ya ORS na tembe za zinki. Hakuchanganya yeye. Alimpa mama mtungi wa lita moja na kumwambia, "Changanya wewe, mimi nitazame." Mama alitia unga wote, akakoroga, akaonja, akaanza kumpa mtoto kwa kijiko. Halafu mhudumu akamuuliza, "Na usiku pakiti ikiwa imekwisha, utafanya nini?" Mama akajibu kwa vidole: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote vikiwa sawasawa bila kilima. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, ndiyo sababu kijiko lazima kisawazishwe. Wanafunzi wenzangu, mtoto anayeendesha hufa kwa kukaukiwa na maji na chumvi mwilini. Sukari husaidia utumbo kuifyonza chumvi, na chumvi huvuta maji. Hiyo ni sayansi ya darasani inayookoa maisha jikoni.

Njia hii ya "fanya nikuone" imejaribiwa kwa kiwango kikubwa sana. Kati ya 1980 na 1990, shirika la BRAC la Bangladesh liliwatuma wanawake nyumba kwa nyumba wakawafunza kina mama zaidi ya milioni 12 kutengeneza maji hayo kwa chumvi ya kubana kwa vidole vitatu na sukari guru ya kukwanyua kwa mkono. Wale walimu hawakulipwa kwa idadi ya nyumba walizozifikia. Baadaye mkaguzi alipita, akawauliza kina mama wachache wanakumbuka nini, na malipo ya mwalimu yakategemea majibu yao. Hebu fikirini walimu wetu wa hapa wangelipwa kwa kile tunachokumbuka baada ya likizo! Wengine wangelala njaa. Lakini funzo ni la kweli: kipimo cha somo ni kile kilichobaki kwa mwanafunzi.

Tulipofika nyumba ya mwisho siku hiyo, mhudumu alimvika mtoto mmoja utepe mkononi. Utepe una rangi tatu. Kijani, mtoto yuko sawa. Manjano, anahitaji kuangaliwa. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, ana utapiamlo mkali na lazima apelekwe hospitali. Ulisoma manjano. Mama alinyamaza. Mhudumu hakumlaumu, alimuuliza uji wa mtoto una nini. Una unga wa mahindi na maji. "Omena mnazo?" Zilikuwapo, zimeanikwa nje palepale, zikingoja kupelekwa sokoni. Basi wakakaa wakasaga kiasi kidogo cha omena kavu, wakakitia ujini. Siku nane baadaye tulirudi, na kwenye kopo palikuwa na unga wa omena uliotengwa kwa ajili ya mtoto.

MAMA HAAMUI PEKE YAKE

Kuna kosa ambalo miradi mingi ya afya huangukia: kumfunza mama peke yake. Mama anaweza kujua dalili zote za hatari za ujauzito, yaani kutokwa na damu, kuumwa sana na kichwa, kuona giza, kuvimba uso na mikono, mtoto kuacha kucheza tumboni. Lakini nani atakayelipa bodaboda usiku wa manane? Nani atakayesema "nenda"? Mara nyingi ni mume, na mume akiwa ziwani akivua, ni mavyaa. Kama mavyaa alijifungulia watoto saba nyumbani wote wakapona, atamwambia mkaza mwana, "Ngoja kidogo, hata sisi tulizaa." Ndiyo maana mwaka wa 2013 serikali ilipoondoa ada ya kujifungulia katika hospitali za umma, si kila mama aliyekwenda. Ada ilikuwa kizuizi kimoja. Umbali, hofu na uamuzi wa nyumbani vilikuwa vizuizi vingine.

Jirani zetu wa Lwala, karibu na Rongo katika Kaunti ya Migori, wametuonyesha njia mojawapo ya kuvitatua. Zahanati ya Lwala ilianzishwa mwaka wa 2007 na ndugu wawili wa kijiji hicho, Milton na Fred Ochieng', waliosomea udaktari Marekani. Milton alipopata nafasi ya masomo huko, ni wanakijiji waliochanga nauli ya ndege. Badala ya kuwafukuza wakunga wa jadi na kuwaita washirikina, kama ilivyokuwa desturi mahali pengi, shirika lao liliwafunza kuwa wahudumu wa afya na kuwalipa. Yule nyanya ambaye zamani alizalisha nyumbani sasa anamsindikiza mama hospitali. Mavyaa hana la kusema, maana aliyemzalisha yeye ndiye anayemwambia mkewe mwana aende! Hapo pana hekima kubwa. Ukitaka kubadili mila, mtume mwenye mila.

Na wanaume je? Jirani yetu huwafuata ufuoni, mitumbwi inaporudi asubuhi. Hapo huzungumzia neti. Sote tumeona neti za mbu zikianikiwa omena au kuzungushiwa kitalu cha mboga. Mvuvi alimwambia, "Mama, neti hii ni ya zamani, imetoboka." Akamjibu, "Ya zamani anikia. Mpya iliyo juu ya kitanda cha mtoto usiiguse." Wakacheka, wakaelewana. Sisi tunaoishi kando ya ziwa ni miongoni mwa wanaosumbuliwa na malaria zaidi katika Kenya yote. Ndiyo sababu chanjo ya kwanza ya malaria ilipoletwa nchini, ilizinduliwa hapa kwetu Ndhiwa, tarehe 13 Septemba 2019. Chanjo hiyo ilihitaji dozi nne, ya kwanza mtoto akiwa na miezi sita, na ya nne wakati huo ilitolewa akiwa na miezi 24. Mtoto wa miaka miwili anakimbia na kucheza. Nani atakumbuka kliniki? Anakumbuka mhudumu aliye na daftari la majina ya watoto wote wa kijiji.

UKIMWI ULITUFUNZA NINI

Siwezi kuandika juu ya afya katika Homa Bay nikaruka Ukimwi. Wazee wetu wanasimulia kwamba ulipoanza, watu waliuita chira, yaani laana ya aliyevunja mwiko. Mgonjwa alitafutiwa manyasi ya kunywa badala ya kupimwa. Aliyepatikana na virusi alifichwa chumba cha nyuma. Mabango yalikuwapo, tena mengi, lakini bango halijibu swali. Mambo yalianza kugeuka matibabu yalipopatikana, na hospitali ya Homa Bay ilikuwa miongoni mwa hospitali za umma za kwanza nchini kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo, mwaka wa 2001, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka. Jirani aliyekuwa amebaki mifupa alisimama, akalima, akaenda sokoni. Alipozungumza, watu walimsikiliza, kwa kuwa walimjua kabla na baada.

Kazi haijaisha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba katika kaunti yetu karibu watu wazima 20 katika kila 100 walikuwa wakiishi na virusi, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu 5. Lakini mama mwenye virusi anayemeza dawa zake na kufuata kliniki anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi. Maneno hayo akiyasema mama aliyeyapitia, mtoto wake mzima akiwa mgongoni, yana uzito ambao hata bango la rangi saba halina.

VIZUIZI, NA SEHEMU YETU

Nisije nikawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kazi hii ina matatizo. Wahudumu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Fedha hizo ni kidogo kwa mtu anayeacha shamba lake ili kutembelea nyumba mia moja, na mhudumu asipolipwa kwa wakati atarudi kwa jembe lake; nani atamlaumu? Isitoshe, ni aibu kumshauri mama aende zahanati kisha akute rafu hazina dawa. Nilimsikia mmoja akisema, "Mlinituma, nikaenda, nikarudi na karatasi." Siku hiyo jirani yetu hakuwa na jibu. Imani iliyojengwa kwa mwaka mzima inaweza kubomoka kwa safari moja kama hiyo. Elimu bila dawa ni nusu ya kazi.

Wengine wenu mtasema, "Ah, hayo ni mambo ya wamama, sisi tunangojea mtihani." Ndugu zangu, nusu yetu hapa tutakuwa mama, na nusu tutakuwa wale waume wanaotakiwa kusema "nenda". Aidha, sisi wa Chama cha Kiswahili tuna deni maalum. Karatasi nyingi za afya huandikwa Kiingereza kigumu. Mama aliyeishia darasa la tano anapewa, anazikunja, anazitia chini ya godoro. Napendekeza muhula ujao chama chetu kiandike karatasi moja tu, herufi kubwa, kwa Kiswahili chepesi upande mmoja na Dholuo upande wa pili: jinsi ya kuchanganya maji ya mtoto anayeendesha, dalili za hatari za mja mzito, na tarehe za chanjo. Mwalimu wa Bayolojia aikague isiwe na kosa. Wahudumu waisome kwanza na watuambie ni neno gani ambalo wamama hawatalielewa.

Kisha kila mmoja aende nayo nyumbani likizo. Usiibandike ukutani ukadhani umemaliza. Mwombe mama, dada au shemeji akuonyeshe kwa kijiko, wewe utazame. Mwezi ukiisha, muulize tena.